Hatua Saba Kwenda Juu

Ndivani, juu ya Vudee
11 Agosti 2023

Kwa Anderson, mtoto wa kaka yangu,

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa ndama jike, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji la uso. Upepo umeangusha migomba mitatu nyuma ya jiko, ndizi zilikuwa bado changa, tumezila na maharage wiki nzima hadi nimezichukia. Kaburi la baba yako nimelipalilia. Mkeo Beatha msalimu, mwambie kitambaa alichonitumia kimenitosha gauni na kipande kikabaki. Salamu zimeisha.

Jumanne iliyopita ulinikatia simu. Usiniambie mtandao. Mtandao ukikata unakoroma kwanza. Wewe ulisema "shangazi niko kwenye kikao", kisha pakawa kimya kama kaburini. Nimekulea tangu una miaka sita, nimekufundisha kusoma kwa uji na kwa fimbo, na siku zote hizo sijawahi kukukatia maneno. Kwa hiyo simu yangu nimeizima kwako. Kuanzia leo tutaandikiana kwenye karatasi, kama watu walioshindwana. Barua zako mpe dereva wa basi, azishushe Same kwa Mwanaidi muuza chai pale stendi, naye atanipandishia kwa bodaboda. Zangu zitashuka kwa njia hiyo hiyo.

Jambo lenyewe ni lile ulilokataa kulisikia. Wodi ya wazazi. Watu wa mkandarasi wamekuja, wamepiga vigingi na kuvuta kamba nyuma ya zahanati, kwenye lile shamba la maharage. Nikawauliza nani kasema hapa. Wakanionyesha mchoro kwenye simu, wakasema modeli imetoka Dar es Salaam na aliyeisaini ni A. E. Mgonja. Nikawaambia huyo A. E. Mgonja nimemfuta kamasi mimi.

Nataka jengo lisogee. Hatua saba kwenda juu, upande wa mlima. Hatua zangu, si zako. Usiniulize sababu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi, na ni shangazi yako, na hayo mawili yanatosha.

Raheli


Dar es Salaam
29 Agosti 2023

Shikamoo shangazi,

Barua yako ilikaa kwa Mwanaidi siku tisa na imenifikia na doa la chai. Beatha anakuamkia. Amebadilishwa zamu kazini, sasa tunaonana Jumapili tu, lakini hatujambo. Nashukuru kwa kaburi la baba. Hongera kwa ndama.

Ni kweli, nilikata. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu, na wewe ulikuwa unapaza sauti hadi watu wa meza ya tatu wakageuka. Kwa kukata naomba radhi. Kwa kuona aibu siombi, maana ulinitia aibu kweli.

Kuhusu wodi, jengo halisogezwi kama kabati. Tunajenga wodi kumi na mbili katika wilaya nzima kwa mfadhili mmoja, na kila moja ina modeli yake. Modeli si picha, shangazi. Ni jengo zima linalojengwa kwenye kompyuta kabla ya kujengwa kwa tofali, na kila kitu ndani yake kimebeba taarifa zake. Ukibonyeza mlango unakuambia upana wake, mbao yake, na aliyeutengeneza. Ukisogeza ukuta, msingi unasogea, na bomba la maji taka linasogea. Mbunifu ana modeli yake, mhandisi ana yake, fundi bomba ana yake. Tunazilaza moja juu ya nyingine, kisha kompyuta inatafuta migongano, yaani mahali bomba linapotoboa nguzo au mlango unapogonga kitanda. Ya kwenu imetoka na migongano sifuri. Sijawahi kutengeneza modeli safi kuliko hiyo, na ndiyo ya kwanza niliyoruhusiwa kuisaini kwa jina langu.

Nimeambatanisha karatasi ya istilahi niliyoiandika kwa ajili ya kamati zote, ili watu wajue wanachosaini. Isome kikaoni. Utakuta humo "ombi la ufafanuzi". Hiyo ni fomu anayojaza mtu aliyeko kwenye ujenzi akiona mchoro na hali ya pale havilingani, na ofisi inalazimika kumjibu ndani ya siku saba. Ijaze. Ila ina mstari wa sababu, na bila sababu haifiki hata mezani kwangu.

Kwa nini hatua saba? Kwa nini si tatu? Mbona unanificha?

Anderson


Ndivani
20 Septemba 2023

Kwa Anderson,

Tumezika mama yake mzee Wilbard, yule wa Suji aliyekuwa akikuletea mapera. Alikuwa na miaka tisini na kitu. Ndama anaendelea vizuri, ananyonya kwa fujo. Mimi magoti yananisumbua nikishuka, nikipanda hayasemi kitu.

Karatasi yako nimeisoma kikaoni nikiwa nimesimama, kwa sauti ile niliyokuwa nikisomea matokeo ya darasa la saba. Nilipofika "wingu la nukta" wajumbe wakaguna. Umeandika hivi: "Ni mamilioni ya nukta zinazotokana na picha za droni, hadi ardhi yote ya eneo ionekane kwenye kompyuta ilivyo." Ilivyo! Neno hilo nimelizungushia kalamu nyekundu.

Nikaendelea na "kiwango cha undani". Kwamba kitu kikichorwa kwa kiwango cha mia moja ni kisanduku tu, na kikifika mia nne unaona hadi misumari. Fundi Vitus, aliyeajiriwa na mkandarasi kuchimba msingi, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Akauliza wodi yetu imechorwa kwa ngapi. Nikamwambia mia tatu na hamsini. Akauliza, "Na ardhi iliyo chini ya wodi, mwalimu?" Nikaliandika kwenye daftari. Nakuuliza wewe. Nyumba umeichora hadi bawaba za mlango. Ardhi inayoibeba umeichora kwa kiwango gani?

Fomu yenu nimeijaza. Kwenye sababu nimeandika: udongo wa hapo si mzuri. Nimejibiwa siku hiyo hiyo, na mashine nadhani, maana hakuna mtu mwenye adabu anayejibu hivyo. Eti vipimo vya udongo vilichukuliwa kwenye pembe nne za eneo, vyote ni vikavu, ombi limefungwa. Pembe nne! Ndiyo kusema mkitaka kujua mtu anaumwa tumbo mnampima vidole vya mikono na miguu.

Vitus anachimba. Kwenye ukuta wa kusini jembe linazama kama mwiko kwenye ugali. Anachimba na amefunga mdomo, na mimi nimefunga wangu. Lakini wewe, Anderson, ndiye mtu pekee katika ofisi hiyo aliyeikanyaga ardhi hii bila viatu. Ukitoka shule ulipita wapi? Ulikunywa nini kabla ya kufika nyumbani? Nijibu hilo, acha kunitumia sifuri zako.

Raheli


Dar es Salaam
14 Oktoba 2023

Shikamoo shangazi,

Poleni kwa msiba. Mapera yake nayakumbuka. Beatha mzima, mimi mzima, basi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako iliniudhi, nikaamua kutafuta. Rubani wa droni alifika kwenu tarehe 6 Februari, saa kumi jioni. Alirusha mara moja kujaribu betri, akaenda kulala kwa mchungaji, na kesho yake asubuhi akapima rasmi. Picha za kesho yake ndizo zilizotengeneza wingu la nukta. Zile za kujaribu betri zilitupwa kwenye folda ambayo hakuna mtu aliyewahi kuifungua. Nimeifungua.

Kuna watu arobaini na watatu na majembe. Nimewahesabu. Wanafukia mfongo. Mfongo wetu, shangazi, ule uliochimbwa na mababu, unaotoa maji kwenye ndiva na kuyashusha hadi mashamba ya chini. Nusu umekwisha kuwa udongo mtupu, na nyuma ya wenye majembe wanakuja wanawake wanadondosha mbegu. Mlipanda maharage juu yake. Mwezi wa Februari, kabla ya mvua! Nani anapanda maharage mwezi wa Februari?

Mbele yao kuna mwanamke aliyevaa kitenge cha kwaya ya akina mama, daftari kwapani, mkono umenyooka anaonyesha kidole. Sura haionekani, picha imepigwa kutoka juu. Lakini nimeonyeshwa kidole hicho tangu nina miaka sita.

Kijiji kinaitwa Ndivani, kimepewa jina la bwawa lake la maji, na mmemwambia mpimaji hakina maji. Hatua saba! Udongo si mzuri! Unaniandikia barua mbili za matusi kuhusu ardhi ilivyo, na wewe ndiye uliyeibadilisha ilivyo. Nimetengeneza modeli yenye migongano sifuri juu ya uongo wa watu arobaini na watatu, na wa kwanza wao ni mwanamke aliyenichapa viboko vinne kwa kusema uongo kuhusu yai moja.

Kwa nini?

Anderson


Ndivani
3 Novemba 2023

Anderson,

Vuli mwaka huu imekuja kwa vurugu. Njia ya Same imekatika mara mbili, na barua yako Abdulmajid wa bodaboda aliipandisha akiwa ameificha ndani ya kofia yake ngumu. Ndama mzima. Hayo yanatosha.

Ndiyo. Kidole ni changu.

Mwaka juzi walikuja watu wenye vishikwambi kwenye kijiji cha bondeni, wakaupima mfongo wao kwa tabasamu na soda. Baada ya miezi sita ikaja barua kwamba zamu za maji zitapangwa ofisini wilayani, na mlango wa ndiva usifunguliwe bila muhuri. Watu waliozaliwa wakakuta Jumatatu ni ya ukoo fulani na Jumanne ni ya ukoo fulani wakaambiwa wajaze fomu. Mahindi yakakauka, mwenye muhuri akiwa likizo. Tuliposikia droni inakuja kwetu, kwamba inaona kila kitu hadi kuku, tulikaa. Mimi ndiye niliyesema tufukie. Tukapiga msaragambo, kila nyumba mtu mmoja na jembe lake, kama tunavyojenga barabara na madarasa, nami nikaita majina. Tulikubaliana siku tatu. Droni ikiondoka, tunafukua. Ikaondoka, tukaambiwa watu wa kupima udongo wanafuata, tukasubiri.

Nani alijua kwamba mtakitazama kipande hicho kutoka angani, mkakiona kitupu, tambarare, hakina hata kichaka, mkasema hapa ndipo pazuri? Tulipofukia mfongo tuliwatengenezea kiwanja kwa mikono yetu. Na kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi kusema. Tukiufukua inaonekana tulidanganya, mfadhili anapeleka wodi kwingine. Kwa hiyo tukaendelea kupalilia yale maharage ya kipumbavu.

Na usiniandikie tena habari za yai. Mwaka 1991 nilishushwa Same kwenye machela, wanaume wanane wakipokezana mabegani. Nilifika hai. Mtoto alifika kwenye kanga. Sijakuambia hayo kwa sababu hukuwa umezaliwa, na ulipozaliwa nilikuwa na kazi nyingine. Wodi hii naitaka kuliko unavyoweza kuandika kwenye fomu yoyote. Niliitaka kiasi kwamba niliacha wapige vigingi juu ya maji nikiomba Mungu nipate njia ya kuisogeza bila kujitaja.

Sasa sikiliza hali ilivyo. Zege la msingi linamwagwa Alhamisi tarehe 30. Mtaro wa kusini umejaa maji mara tatu, wanayachota kwa ndoo. Mhandisi wa mkandarasi kasema Vitus amechimba kupita kipimo, ndiyo maana maji yanaingia. Amemfukuza kazi mbele ya watu. Vitus hakujitetea. Angejitetea angelazimika kuutaja mfongo, na yeye naye alikuwemo siku ile. Alikunja kamba yake akaondoka. Wameleta mafundi wengine, wanapanga mawe kwenye tope. Masika ijayo mwanamke atalazwa na kichanga chake chini ya ukuta huo.

Hayo ndiyo yangu, nimeyasema. Ya kwako yako wapi? Umeniuliza tulifanya nini Februari. Hukusema wewe ulifanya nini Machi. Ulipofungua kompyuta yako ukaona nyuma ya zahanati hakuna mfongo, mfongo uliokuogesha, ulisema nini? Ulimwuliza nani? Sijaona ombi la ufafanuzi lenye jina lako.

Raheli


Dar es Salaam
17 Novemba 2023

Shikamoo shangazi,

Pole. Ya mwaka 1991 sikuyajua. Nimesoma sehemu hiyo nikiwa ofisini, nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Nilijua.

Nilipofungua wingu la nukta mwezi Machi niliutafuta mfongo kwanza, kabla ya zahanati, kabla hata ya nyumba yetu. Sikuuona. Nikaona mstari wa udongo uliolimwa upya, nikaelewa saa ile ile. Nikacheka, shangazi. Pale mezani, peke yangu, nikasema wazee wameiweza droni. Nikanyamaza nikidhani nawalinda. Wiki ya pili yake mbunifu akaweka jengo hapo hapo. Bado nikanyamaza, na sasa sikuwa nawalinda ninyi. Ningesema pana maji, wangeniuliza nimejuaje. Ningelazimika kusema kwetu ni huko, watu wetu wamedanganya, na mimi nina wiki mbili nimekaa nao uongo wao. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeahidiwa kusaini. Nikajiambia udongo utasema wenyewe. Vipimo vikachukuliwa kwenye pembe, vikatoka vikavu, nikavipokea kama mtu aliyesamehewa. Ulipopiga simu Agosti nilijua unachotaka kusema kabla hujakisema. Bosi alikuwa nyuma yangu, hilo ni kweli. Lakini nilikata kwa sababu nilijua.

Nimejikasirikia hadi Beatha ananiuliza nani kaniudhi.

Juzi nimeandika ombi la ufafanuzi kwa jina langu. Bosi ametaka ushahidi. Picha za kujaribu betri si za upimaji rasmi, mkandarasi atazikataa kwa dakika moja. Wanataka maelezo ya mtu wa eneo mwenye cheo, aliyeuona mfongo kwa macho yake, na vipimo: unatoka wapi, upana, kina, unapita wapi chini ya jengo. Na picha za mfongo wenyewe, wazi, si za maharage. Vikifika kabla ya tarehe 29 zege litasimamishwa. Visipofika litamwagwa, na mimi sina mkono wa kulizuia kutoka hapa.

Sitakudanganya tena. Modeli ikisharekebishwa inaenda wilayani, na watu wa vishikwambi wataiona. Siwezi kukuahidi kwamba zamu zenu zitabaki zenu. Siwezi kukuahidi kwamba mfadhili hataondoka. Vitus atarudishiwa jina lake, hilo naweza kulipigania. Mengine unayajua kuliko mimi.

Anderson


Ndivani
25 Novemba 2023

Anderson,

Sisi wazima, na tumelowa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa kalamu nyekundu. Pale ulipocheka nimeweka vema. Pale ulipopokea vipimo vikavu kama msamaha nimeandika pembeni: amechelewa, aendelee.

Jana saa tatu asubuhi niligonga kengele ya shule. Sikuita kikao, maana kikao kingejadili hadi Krismasi. Niliita msaragambo. Daftari la Februari ndilo nililolifungua, nikasoma majina yale yale. Walikuja thelathini na tisa. Wawili wamehamia kijiji cha Mamba kulima tangawizi, mmoja ana homa, na mmoja aliniita msaliti akiwa mlangoni kwake. Hakukosea sana.

Vitus alikuja na kamba yake na akashika mbele. Tulianza juu kwenye ndiva tukashuka, udongo tunautupa upande wa chini, maharage na kila kitu. Tulipofika kwenye vigingi, mhandisi wa mkandarasi alikuja mbio akipiga kelele kwamba tunaharibu eneo lake, kwamba ataita polisi. Nikamwambia, "Waite, baba, ila simama hapo kwanza." Vitus akapanda kwenye ndiva akatoa jiwe la mlangoni. Maji yakashuka. Yakaingia kwenye mtaro wa msingi upande huu, yakakatiza mawe waliyoyapanga, yakatoka upande ule na kushika njia yake kuelekea mashambani, hayakusita hata kidogo. Mhandisi alibaki ndani ya viatu vilivyojaa tope. Baadaye akamwambia Vitus, "Samahani, fundi." Vitus akamjibu, "Iandike." Akaiandika pale pale, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni, mbele ya watu waliomwona akimfukuza.

Maelezo mnayotaka ni haya. Mimi Raheli Mgonja, mwalimu mstaafu, katibu wa kamati ya ujenzi ya Ndivani, nathibitisha kwamba mfongo unatoka kwenye ndiva, unapita nyuma ya zahanati, na unakatiza chini ya ukuta wa kusini wa wodi kwa urefu wake wote. Upana wake ni hatua moja. Kina chake kinanifika gotini. Kutoka kona ya zahanati hadi maji ni hatua kumi na nne. Tarehe 6 Februari 2023 niliamuru ufukiwe usionekane. Tarehe 24 Novemba 2023 niliamuru ufukuliwe. Jengo lisogee hatua saba kwenda juu. Tano zinatosha kuyakwepa maji, na mbili ni kwa sababu mfongo hutanuka wakati wa masika. Uliniuliza kwa nini si tatu. Ndiyo hiyo sababu.

Sahihi yangu iko chini, na muhuri wa kamati. Picha kapiga Abdulmajid, ziko kwenye kadi ndogo niliyoibandika kwa gundi nyuma ya karatasi hii. Ataishusha mwenyewe hadi Same na kuikabidhi kwa dereva mkononi, hapiti hata kwa Mwanaidi.

Watu wa vishikwambi waje. Watanikuta nimekaa ukingoni na daftari la zamu, na itabidi wazungumze na mimi kabla hawajazungumza na maji. Hasira ninayo ya kutosha kuwasubiri hadi mwakani.

Limebaki jambo moja. Uliniandikia kwamba kila kitu ndani ya modeli kimebeba taarifa zake. Basi uuchore mfongo, na usiuchore kama kisanduku. Mahali pa waliouchimba andika mababu wa Ndivani. Mahali pa waliouficha andika jina langu lote. Chini ya jina langu acha mstari mmoja mtupu. Mwenye mstari huo unamjua. Mimi sitamtaja, kwa sababu nilimlea.

Raheli


Dar es Salaam
4 Desemba 2023

Shikamoo shangazi,

Beatha anakuamkia, safari hii yuko hapa mezani, ameisoma barua yako yote na amenitazama vibaya.

Zege lilisimamishwa tarehe 28, saa nane mchana. Wodi imepanda hatua saba. Nilipoulaza mfongo kwenye modeli ya zamani, kompyuta ilipiga kelele nyekundu ukuta mzima wa kusini, mgongano wa kwanza katika ile modeli yangu safi. Sikuufuta. Umebaki kwenye kumbukumbu ili kamati nyingine kumi na moja ziuone, na ofisi imetuma mtu azunguke kwenye maeneo yote akiuliza wazee mahali maji yanapopita. Mfadhili ameuliza maswali mengi na bado hajaondoka. Vitus ataanza kuchimba tena Jumatatu. Mimi nimepewa barua ya onyo, na kwa mwaka mmoja sitasaini modeli yoyote. Nimeipokea.

Sitapiga simu. Nakuja. Ijumaa nitashuka Same, nitapanda na Abdulmajid, na jembe langu la zamani litoe darini ulikoliegesha, maana najua mfongo haujasafishwa vizuri pale kwenye kona ya zahanati. Nitakaa siku nne, unaweza kunigombeza zote.

Ule mstari nimeujaza. Bosi alitaka uandikwe "na wengine". Nilikataa. Akasema basi weka herufi za mwanzo kama unavyosaini siku zote. Nikakataa hilo pia. Ukibonyeza maji yale sasa, chini ya jina lako linatokea lingine, lote, kama ulivyoniandikisha darasa la kwanza.

Anderson Eliezeri Mgonja